Makarai Mawili

Baada ya alasiri mama hubandika makarai mawili
konani Bondeni, ubavuni mwa duka la vipuri:
la kulia viazi, la kushoto bhajia za kunde.
Upande wa viazi mafuta huanza kucheka mapema.
Huko mteja haulizi. Hunyoosha kumi, hunyoosha ishirini,
"Nitilie na ukwaju," akaenda zake.

Kunde zina kesi ndefu.
Zimelala majini tangu jana usiku;
alfajiri nimezifikicha hadi vidole vikakunjamana,
maganda yakaelea, nikayamwaga, yakaelea tena.
Kisha kinu, kitunguu thomu, pilipili mbichi, dania.
Na bei ni ileile.
"Hesabu hiyo," husema mama, "usinipigie."

Siku hiyo Mwalimu Mwakale alitupa kazi:
linganisheni vyakula viwili vya mtaani kwenu.
Nikapiga mstari katikati ya karatasi
kwa ukingo wa kibao cha kukatia vitunguu.

Kiazi: wanga, tele. Potasi.
Vitamini C, kiasi, nayo haipatani na moto.
Protini: chembe.
Kunde: protini. Nyuzi. Madini ya chuma.
Foleti, neno nililolinakili herufi kwa herufi
nisije nikalivunja.
Safu ya kunde ikashuka hadi pambizoni.
Mafuta: nikaandika *yaleyale*
pande zote mbili, kwa haki.

Shebe, fundi baiskeli wa ng'ambo,
alichungulia begani kwangu, akaudhika.
Akajifuta grisi, akatoa papo hapo:

Kiazi kiko motoni, manjano kimejipaka,
Kikitua matumboni, njaa yote hutoroka,
Kunde huiva jioni, mteja keshaondoka,
Nipe viazi vitano, kunde mpe mwenye homa.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye mwiko wa matundu:

Shebe, njaa kutoroka, si kufa, itarejea,
Saa mbili ukifika, tumbo lako lalegea,
Kunde haina haraka, mwilini hujijengea,
Kiazi ni mpangaji, kunde ndiye mwenye nyumba.

Shebe akacheka mpaka akakohoa.
Akanunua viazi. Vitano, kama alivyosema.

Magharibi ikakaribia, akaja Zamzam wa saluni,
mimba ya miezi sita, miguu imevimba ndani ya ndara,
kadi ya kliniki ikichungulia mkobani.
"Viazi vya ishirini."
Gazeti la kufungia lilikuwa limekwisha.
Mama akakamata karatasi iliyokuwa karibu.

Nilipogeuka, Zamzam alikuwa keshavuka barabara
na protini zangu zote.

"Nyevu, kazi yako?"
"Imefungiwa viazi, mwalimu."
Darasa likaangua. Nilipiga deki peke yangu,
dawati kwa dawati, nikimlaani kiazi.

Jioni Zamzam alirudi, karatasi mkononi.
Mafuta yalikuwa yametambaa, safu zimeingiliana,
wanga umelalia chuma.
Akaweka kidole chini ya neno.
"Hili. Kliniki wamelisema pia.
Damu yangu ndogo."

Mama hakusema kitu.
Aliopoa bhajia sita, akakata ndimu, akaikamua juu yake.
"Ndimu huifungulia chuma mlango," nikasema,
"na chai usiinywe papo hapo,"
kwa sauti ya kinesi ambayo sijui niliitoa wapi.

Zamzam akatafuna la kwanza amesimama.
Akatazama karai la kulia.
"Na viazi viwili," akasema, kama anayeomba radhi.
Mama akamtilia vitatu.

Usiku nikaroweka kunde.
Mama alipita, akatazama sufuria,
akaongeza kibaba kimoja, akafunika.
Hesabu yake hakuniambia.